Hodi Gizani

Umeme ulikatika saa kumi jioni,
na huku Hiiumaa, mwezi wa Desemba,
saa kumi jioni ni usiku wa manane.
Nikasikia kishindo jikoni.
Sikuuliza ni nini.

Nilimkuta Leelo sakafuni
kama shati lililodondoka kambani,
anacheka, anaitukana kampuni ya umeme,
kisha, kwa sauti ya chini:
"Tarvi, mkono wangu wa kushoto uko wapi?"
Ulikuwa chini ya kiuno chake.
Alikuwa ameulalia, hana habari.

Daktari wa Tartu alituchorea juu ya bahasha
(bahasha ya bili ya maji, bado ninayo):
utando wa seli, mistari miwili ya mafuta,
na katikati mlango mdogo
wenye mapanga matatu kama feni.
"Ngozi ikibonyezwa, utando unavutika,
mlango unafunguka,
chembe za chumvi zenye chaji zinaingia mbio,
neva inapeleka habari juu: tumeguswa.
Msuli nao ukivutika, ni hivyo hivyo:
goti limekunjwa, mkono umeinuka.
Kwake yeye..."
Akapitisha kalamu juu ya mlango, mara mbili,
mstari wa baba, mstari wa mama.
Mama aliinuka akaenda dirishani,
akatazama maegesho ya magari kwa muda mrefu.

Basi dunia inampigia Leelo hodi,
kwa manyoya ya paka kiganjani,
kwa simu inayotetemeka mfukoni,
hodi, hodi,
na ndani hapana wa kuitikia.
Viungo vyake anavichunga kwa macho
kama mtu aliyeachiwa mbuzi wa jirani:
we mguu, twende; we kidole, unakwenda wapi?
Anafuma soksi, hakosei hata tundu moja,
ilimradi anaona.
Taa ikizimika, kundi lote linatawanyika.

Lakini usifanye haraka kumhurumia.
Jumamosi tunawasha sauna,
maji yanamwagwa, mawe yanafoka,
na mlango mwingine, wenye bawaba zake,
unafunguka wazi,
na Leelo ndiye wa kwanza kupiga ukelele wa raha.
Mlango huohuo pilipili huujia kwa hila.
Mwaka juzi shangazi Helve alileta kichupa,
Leelo akalamba kijiko kizima, kwa ubishi,
akatoka mbio kwenda kula theluji.
Wahenga walituuliza pilipili usiyoila yakuwashiani;
hawakuuliza uliyoila yawashaje
na moto haina.
Ina ufunguo wa bandia, basi.
Inafungua mlango wa moto
na mwili, mwaminifu, unapiga mayowe: tunaungua!
Mnanaa nao una ufunguo wake, wa upande wa baridi:
chai inatoa mvuke
na ulimini unavuma upepo wa Januari.

Nafikiri sana juu ya haya ninapopasua kuni.
Kwamba sijawahi kuigusa dunia,
nimepokea tu habari za mabawabu.
Kwamba bawabu mmoja akikosekana
hakuna hata anayejua kuna mgeni nje.

Jioni ile sikutafuta kiberiti kwanza.
Niliketi sakafuni karibu naye,
nikaweka kiganja begani pake, juu ya fulana, polepole.
Aliendelea kuongea, kuhusu soksi,
kuhusu uzi wa kijani uliokwisha dukani.
Hakuwa na habari yangu.
Nikasubiri.
Joto halina haraka. Linapita uzi kwa uzi.
Akanyamaza katikati ya neno.

"Ah," akasema. "Kumbe uko hapa."
"Niko."
"Tangu lini?"
Sikujibu. Nikanyoosha mkono mwingine, nikapapasa meza,
nikapata mshumaa, nikapata kiberiti.
Mwanga ulipowaka, Leelo alitazama chini,
akauona mkono wake wa kushoto,
akautikisia kichwa kama unavyomtikisia mtoto mtoro:
"Haya, wewe. Rudi nyumbani."